Kuchora ramani ya misitu ya matambiko na makaburi ya mababu: tutailindaje bila kuianika?

Kijana wa Newala

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, pamoja na wengine wote wenye ujuzi wa mambo ya ardhi na ramani, shikamooni wakubwa, na salaam kwa rika langu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo kijijini kwetu haliwezi kusubiri tena.

Kijiji chetu kiko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya huku, tuna vichaka vizito ambavyo havijawahi kulimwa kwa kuwa ni mahali pa matambiko. Tuna makaburi ya waasisi wa koo. Tuna sehemu ambazo vijana wa vizazi vilivyopita walikalishwa jandoni. Na tuna chemchemi za bondeni, chini ya ukingo wa uwanda, zenye miiko yake na watu wake wa kuzitunza. Hakuna hata moja kati ya sehemu hizo iliyoandikwa kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Katika picha za satelaiti zote ni mabaka ya kijani, na mgeni anayeyatazama mabaka hayo akiwa ofisini huona pori lisilo na mwenyewe.

Hofu yetu inaanzia hapo. Kila bei ya korosho inapopanda, vichaka vilivyobaki huanza kutamaniwa, hata na ndugu zetu wenyewe. Katika wilaya za Masasi, Nachingwea na Ruangwa watafiti wa madini ya kinywe (grafiti) wamekwisha kupita, na hakuna anayeweza kutuhakikishia kwamba hawatafika kwetu. Ndiyo maana sisi vijana tuliorudi kijijini baada ya masomo tumependekeza tuzipime sehemu hizi kwa GPS za simu zetu, tuchore ramani kwa kompyuta, kisha tuikabidhi kwa halmashauri ya kijiji, ili siku atakapokuja mtu na karatasi yake nasi tuwe na ya kwetu.

Wazee wamegawanyika. Wapo wanaokubali, kwa hoja kwamba wajukuu wengi wako Dar es Salaam na hawajui hata njia ya kwenda kwenye kaburi la bibi yao. Wapo wanaokataa kabisa, na hoja yao ni nzito kuliko tulivyotarajia: wanasema kilichozilinda sehemu hizi mpaka leo ni kutojulikana kwake. Wanatukumbusha watu wanaosaka mali zinazosemekana kufukiwa na Wajerumani, ambao hufukua makaburi ya zamani usiku. Wanatukumbusha pia wakataji wa mpingo na mninga, ambao wangefurahi sana kupata orodha ya mapori yasiyoguswa. Mzee mmoja alisema kwamba ramani haichagui msomaji wake, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.

Nauliza basi: je, ipo namna ya kuchora ramani inayozuia ardhi isitwaliwe bila kumwonyesha mwizi njia? Na ikiwa ipo, nani anapaswa kuitunza, na ina nguvu gani mbele ya mtu mwenye leseni ya serikali?

Mzee wa Kilwa

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mmewasikiliza wazee kabla ya kuwasha simu.

Mimi nimeishi karibu na magofu maisha yangu yote. Kilwa Kisiwani haikuwahi kuwa siri: msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuisimulia, na tangu mwaka 1981 magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zikiporomoka na bahari ikila ufuko, na yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi ya namna hiyo isingefanyika kwa mahali pasipojulikana. Kwa hiyo siwezi kuwaunga mkono wazee wanaosema kwamba siri peke yake inatosha.

Hata hivyo, magofu ya mawe yana walinzi, yana ofisi na yana wageni wanaolipa kiingilio. Ukitoka pwani ukapanda milima ya Umatumbi hadi Nandete, mahali ambapo pamba iling'olewa mwaka 1905 na Vita vya Maji Maji vikaanza, utakuta mnara wa kumbukumbu. Lakini sehemu nyingine za kumbukumbu za watu wa kule hazina alama yoyote, na anayezijua ni mzee wa ukoo husika. Hizo haziwezi kulindwa kwa njia ya Kisiwani, na wala vichaka vyenu haviwezi.

Ningewaomba mtazame mapema suala la mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, kwa sababu ndilo linalosahauliwa na vijana wote wenye vifaa vya kupimia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilituhamisha watu wakiwa hai na kuwaacha wafu walipokuwa. Mipaka ya vijiji ilipokuja kuchorwa baadaye, mahame mengi yaliangukia upande wa kijiji kingine. Tembeeni na wazee mkatafute miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba. Chini yake mara nyingi ndiko kulikokuwa na kitongoji, na makaburi hayako mbali. Mkichora kwa kufuata mpaka wa kijiji chenu wa leo, mtawaacha nje mababu zenu wengi.

Mpimaji wa Lindi

Nimefanya kazi ya upimaji katika mkoa huu kwa muda mrefu, na naona kwamba hofu ya wazee wenu ina jibu la kiufundi, ingawa jibu hilo linategemea nidhamu ya watu kuliko ubora wa vifaa.

Jambo la msingi ni kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida huwekwa pamoja: eneo lisiloguswa, na sababu ya kutoguswa. Afisa ardhi wa wilaya, mwekezaji au mkulima anayetaka kupanua shamba lake anahitaji kujua tu kwamba eneo fulani limetengwa na kijiji na kwamba haruhusiwi kuingia bila idhini. Hana haja ya kujua kama ndani yake kuna kaburi, mti wa msolo unaowekewa unga wa tambiko, au uwanja wa jando. Kwa hiyo mnatengeneza ramani mbili. Ya kwanza, inayotoka nje ya kijiji, inaonyesha mipaka na namba za maeneo, bila maelezo. Ya pili, yenye maelezo, inabaki kwa wenye mahali hapo, na kama wenyewe hawataki iandikwe kabisa, basi isiandikwe. Ramani ya kwanza itafanya kazi yake vilevile.

Katika kuchora hiyo ya kwanza kuna kosa moja linaloharibu kila kitu, nalo ni kuchora duara dogo kulizunguka kaburi. Duara dogo ni kidole kinachoonyesha. Chukueni eneo pana zaidi ya lile linalohitajika, lifuateni kwa mipaka ya asili kama vile njia, ukingo wa bonde au mstari wa mashamba, na hakikisheni kwamba mahali penyewe hapako katikati ya eneo hilo. Ikiwezekana, unganisheni sehemu mbili au tatu pamoja na vichaka vya kawaida vilivyo baina yake. Hapo hata mtu mwenye ramani mkononi atakuwa na pori zima mbele yake bila kujua aanzie wapi.

Kuhusu programu, sioni haja ya kununua chochote. QGIS ni ya bure na inatosha kwa uchoraji. Kwa kazi ya porini, QField au CoMapeo hufanya kazi bila intaneti na hutunza data ndani ya simu yenyewe. CoMapeo ilitokana na programu iliyoitwa Mapeo, ambayo ilitengenezwa kwa ushirikiano na jamii za msitu wa Amazon, zikiwemo za Wawaorani wa Ecuador, waliochora ramani ya ardhi yao na mwaka 2019 wakashinda kesi mahakamani dhidi ya mpango wa serikali yao wa kuwapa wachimba mafuta eneo hilo. Wengi hutumia KoboToolbox, nayo ni nzuri kwa tafiti za kaya, lakini fomu zake zikishatumwa hukaa kwenye seva iliyo nje ya nchi. Kwa habari za matambiko nisingeitumia.

OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, ni jambo jingine, nami naipenda sana. Tangu mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, tumeona jinsi mitaa isiyokuwa kwenye ramani ilivyopata kuhesabiwa katika mipango ya mafuriko. Wekeni huko njia zenu, visima, shule, zahanati na majina ya vitongoji, ili yeyote anayetazama kutoka mbali aone kwamba hapo wanaishi watu. Msiweke huko mahali popote pa siri, kwa kuwa mabadiliko yote ya OpenStreetMap hutunzwa katika historia yake, na kitu kilichofutwa leo bado kinaweza kuonekana na mtu anayejua pa kutafuta.

Zimeni pia utunzaji wa mahali kwenye kamera za simu. Picha ya simu huweza kubeba koodineti, yaani namba zinazotaja mahali ilipopigwa, ndani yake, na ingawa WhatsApp huondoa habari hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, ikitumwa kama faili huenda nazo. Kijana mmoja mwenye nia njema anaweza kuianika sehemu nzima kwa picha moja ya kumbukumbu.

Sasa usahihi wa vipimo. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi, na chini ya miti mizito hukosea zaidi; kwa eneo pana nililolieleza hapo juu, kosa hilo halina madhara. Kosa linaloumiza liko kwingine. Simu hutumia mfumo wa rejea, yaani msingi wa kuhesabia mahali duniani, uitwao WGS84, ilhali ramani za zamani za Idara ya Upimaji na Ramani za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukiweka vipimo vya simu juu ya ramani hizo bila kuvibadilisha, kila kitu husogea kwa takriban mita 300. Kwa upimaji wa vijijini umbali huo unatosha kulihamishia kaburi katika shamba la jirani na kuanzisha ugomvi. Andikeni pembeni ya kila ramani mfumo mlioutumia, na kwamba mko zoni ya 37 Kusini ya mfumo wa gridi za ramani wa UTM, maana mikoa yetu yote miwili imo humo.

Mwisho, msianze na simu. Chapisheni picha kubwa ya satelaiti ya kijiji kwenye karatasi, itandikeni chini, na muwaache wazee wachore kwa penseli wanachotaka kionekane. Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya walifanya zaidi ya hapo mwaka 2006: walijenga mfano wa milima na mabonde yao kwa tabaka za maboksi, na wazee ndio waliopaka rangi na kutaja majina. Mzee aliyesimama mbele ya bonde analolijua hahitaji kufundishwa kusoma ramani, na wakati huohuo vijana hujifunza majina ambayo hawakuwahi kuyasikia.

Mama wa Masasi

Nimesoma kwa makini na nashukuru kwa elimu hii, lakini naona watu wote hapa wanazungumza kana kwamba mahali pote pa asili ni pa wanaume.

Kijana wangu wa Newala, umetaja sehemu za jando. Hukutaja hata mara moja sehemu za unyago, na sidhani kwamba ulizificha kwa heshima. Nadhani vijana mnaopanga kazi hii ni wanaume watupu, kwa hiyo hamzijui na hamna ruhusa ya kuzijua. Zipo, na mashamba mapya yanazimaliza haraka kuliko za wanaume, kwa sababu hakuna anayezisemea kwenye mikutano. Zipo pia sehemu za udongo wa ufinyanzi, sehemu za dawa za uzazi, na zile chemchemi za bondeni ulizozitaja, ambazo kwa miaka mingi zilifikiwa na wanawake wenye mitungi kichwani, juu na chini ya mteremko, kabla ya mabomba kufika kwenye uwanda. Ramani itakayochorwa na wavulana peke yao itapelekwa wilayani ikiwa na mhuri wa kijiji, na kuanzia siku hiyo mahali petu patahesabiwa kuwa hapapo. Heri kusiwe na ramani kuliko kuwa na ya namna hiyo.

Tafuteni wasichana wanaoweza kutumia simu, wafundisheni, na waacheni waende na makungwi bila ninyi kuwafuata. Watakachokileta ni mpaka tu, kama alivyoeleza mpimaji, na mtaupokea bila kuuliza maswali. Nimesoma kwamba Wawarumungu wa Tennant Creek, huko Australia, walikutana na tatizo hilihili walipotaka kutunza picha zao za zamani kwenye kompyuta, na kutokana nao ikazaliwa programu inayoitwa Mukurtu, ambayo humruhusu mtu kuona kile tu ambacho desturi inamruhusu, kwa kuangalia kama ni mwanamke au mwanamume na ni wa ukoo gani. Kwa hiyo kutengana kwa habari za wanawake na wanaume kusidhaniwe kuwa ni mambo ya kizamani yanayokwamisha kompyuta.

Na kuhusu nani atoe idhini: kwetu kusini ukoo hufuatwa kwa mama. Mwenyekiti wa kijiji ni kiongozi wa wakazi wote, tunamheshimu, lakini kaburi la mwasisi wa ukoo si lake kuliruhusu wala kulikataza. Waulizeni wajomba wa ukoo huo na dada zao wakubwa. Baba wa nyumba anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye ardhi hiyo, hata kama amelima hapo miaka arobaini.

Kijana wa Newala

Shikamoo mama. Ni kweli kwamba kikundi chetu ni cha wanaume peke yao, na hatukuwa tumelifikiria jambo hilo kwa namna ulivyolieleza. Jana nilizungumza na shangazi yangu, naye amesema yuko tayari kukutana na makungwi wawili wa kitongoji chetu kabla hatujaendelea.

Mzee wangu wa Kilwa, mahame yetu makubwa yako kweli ndani ya kijiji jirani. Uhusiano wetu nao ni mzuri, ila kuna kesi ya mipaka ya mashamba ambayo haijaisha, na nahofia kwamba tukienda na GPS watadhani tunaidai ardhi.

Kwa mpimaji nasema asante sana; wazo la ramani mbili limewatuliza hata wazee waliokuwa wakali. Kilichobaki ni nguvu ya kisheria. Kama kuna anayejua sheria, naomba atusaidie, kwa maana ramani iliyofungiwa kabatini haitamzuia mtu.

Mwanasheria wa vijiji, Mtwara

Ndugu, hofu yako ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, na mfano wake ninao. Tarehe 24 Mei 2020, huko Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, ambayo yalikuwa na dalili za kukaliwa na binadamu tangu miaka 46,000 iliyopita. Mapango hayo yalijulikana na yalikuwa yamefanyiwa utafiti na wataalamu. Kampuni ilikuwa na kibali halali kilichotolewa mwaka 2013, na sheria ya jimbo hilo haikuwapa wenyeji nafasi ya kukipinga baada ya umuhimu wa mapango hayo kuthibitishwa zaidi. Kujulikana kwa mahali na kulindwa kwake ni mambo mawili, na baina yake kuna sheria.

Kwetu wengi hukimbilia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo ni muhimu, lakini ulinzi wake wa moja kwa moja ni kwa majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo kinahitaji tangazo la waziri. Kichaka cha matambiko hakikujengwa na mtu, na makaburi mengi ya koo zenu ni ya baada ya mwaka huo, kama zilivyo kumbukumbu zote za Maji Maji. Mkitegemea sheria hiyo peke yake, mtasubiri sana.

Njia iliyo karibu nanyi ni ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa ya matumizi ya pamoja, kuiandika katika rejista yake, na kuiingiza katika mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ile ramani ya kwanza ya mpimaji, yenye namba bila maelezo, mahali pake ni hapo. Ifuatieni na sheria ndogo zinazotaja makatazo na adhabu, zipite kwenye Mkutano Mkuu na kisha kwenye baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya; bila hatua hiyo ya pili, adhabu mtakayomtoza mkata miti itapingwa mahakamani kirahisi. Vichaka vilivyo vikubwa vinaweza pia kutangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wilayani Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao hivyo na kuuza mpingo wao wenyewe kwa cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, kilichopatikana mwaka 2009, na katika misitu kama hiyo inawezekana kuweka sehemu isiyovunwa kabisa, bila mtu kuuliza kwa nini.

Kuhusu madini, nisiwadanganye: madini ni mali ya taifa, na ramani ya kijiji haifuti leseni. Hata hivyo, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi kabla ya kufanya kazi zake kwenye ardhi iliyotengwa kwa mazishi au yenye umuhimu wa kidini, na tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hugusa pia urithi wa utamaduni. Matatizo huanza pale ambapo mtaalamu wa tathmini anafika kijijini, anazungumza na watu wachache kwa saa chache, kisha anaandika kwamba hakuna sehemu za kimila. Ikiwa ramani yenu ilikwisha kupokelewa wilayani kabla hajafika, hawezi kuandika hivyo. Kwa hiyo pelekeni nakala kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, kwa Afisa Utamaduni na kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, na kila mahali muombe nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Tarehe hiyo ndiyo mtakayoisimamia siku ya mgogoro.

Kuna tahadhari moja ambayo sijaona mtu akiitaja hapa. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuhamishwa kwa ajili ya matumizi ya umma, kwa fidia. Ramani inayoorodhesha kaburi mojamoja inaweza kugeuzwa kuwa jedwali la fidia, na mjadala ukatoka kwenye swali la kama makaburi yahamishwe hadi kwenye bei ya kila moja. Hii ni sababu nyingine ya kuonyesha eneo zima kama kitu kimoja kisichogawanyika.

Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, linatambua katika ibara ya 31 haki ya jamii kutunza na kudhibiti urithi wao wa utamaduni. Si sheria ya kufungulia kesi kwa peke yake, ila linafaa kutajwa katika utangulizi wa muhtasari wenu wa mkutano.

Kwa mahame yaliyo kijiji jirani, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi. Nendeni bila GPS siku ya kwanza. Waende wazee, waombe ruhusa ya kusafisha makaburi na kufanya tambiko kama ilivyokuwa zamani, na waseme waziwazi kwamba ardhi inabaki ya kijiji hicho. Yaelekea nao wana wafu wao upande wenu, hivyo makubaliano yatakuwa ya kubadilishana. Upimaji uje baada ya sahihi, na ufanywe na vijana wa vijiji vyote viwili wakiwa pamoja.

Mzee wa Kilwa

Naunga mkono neno la mwanasheria juu ya jirani. Niongeze tu kwa wale wanaodhani kwamba kilichopotea kitarudi: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984 kilirejeshwa mwaka 2010 kutoka Geneva, nasi sote tulishukuru. Kinyago kinaweza kusafiri na kurudi. Kaburi lililofukuliwa na kichaka kilichong'olewa visiki havirejeshwi na mtu yeyote, kwa hiyo fanyeni kazi hii kabla ya msimu wa kufyeka mashamba mapya.

Kijana wa Newala

Nawashukuru nyote. Tumekubaliana na wazee kwamba tutaanza na karatasi na penseli, wanaume na wanawake kila upande na karatasi yake. Ramani ya namba itakaa kwa mtendaji wa kijiji. Ile yenye maelezo, kwa koo zitakazotaka kuwa nayo, itachapwa nakala moja tu kwa kila ukoo na kukabidhiwa kwa mjomba mkubwa pamoja na dada yake, kisha faili litafutwa kwenye kompyuta mbele yao.

Limebaki swali moja kwa mpimaji. Baada ya mipaka kupitishwa, je, tuweke bikoni (nguzo za alama za mpaka) za zege kwenye pembe? Wajumbe wa halmashauri wanazitaka, ila wazee wanasema jiwe lenye maandishi katikati ya pori litawaita wafukuaji.

Mpimaji wa Lindi

Wazee wako sahihi. Bikoni za zege wekeni kwenye mpaka wa kijiji tu, ambako zinahitajika kwa cheti cha ardhi ya kijiji. Kwa maeneo haya pandeni miti ya mbono kaburi kwenye mstari wa mpaka, kwa nafasi ya hatua mbili mbili. Watu wa huku wote wanaujua na wanaelewa maana yake, mbuzi hawauli, na tawi lililokatwa na kuchomekwa ardhini hushika vizuri mvua za Desemba zinapoanza. Pimeni koodineti za pembe siku ya kupanda, si kabla, maana wakati wa kupanda ndipo majirani wenye mashamba hujitokeza kusema mpaka uliko hasa.